Ripoti ya mtoto inaandikwa mezani kwa sababu nauli ya kwenda kwao haipo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niko halmashauri ya wilaya, jina langu na la halmashauri nimekuandikia pembeni ila naomba usiyatoe, siyo kwa woga tu, ni kwa sababu shida ninayotaka kuieleza iko karibu kila halmashauri na nikiitaja yetu watu watadhani mkurugenzi wetu ndo mbaya, na wala siyo.

Kila likitokea tukio, mtoto kachomwa mikono na mama wa kambo, mtoto kafungiwa ndani siku kadhaa, binti wa kazi kapigwa mpaka kalazwa, watu mitandaoni wanauliza ustawi wa jamii walikuwa wapi. Ni swali la haki na siwalaumu wanaouliza. Ninachoomba wasikilize jibu, maana jibu lipo na halihusu uvivu. Tulikuwa ofisini tunajaza fomu. Au tulikuwa mahakamani. Au tulikuwa tunasuluhisha baba na mama wanaogombania matunzo. Sera zetu za mtoto zimeboreshwa mwaka hadi mwaka, na kila zilipoboreshwa karatasi ziliongezeka kwenye meza ileile ya mtu yuleyule, na kazi iliyopotea hapo katikati ni ile moja ambayo ndiyo ustawi wenyewe, kwenda nyumbani kwa mtoto ukaona analala wapi, anakula na nani, na akimsikia baba anaingia anafanyaje.

Sisemi sera ni mbaya. Wanaokumbuka tulikotoka watanielewa. Kabla ya Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, mwanamke aliyezaa nje ya ndoa akienda kudai matunzo alikuwa anakutana na sheria ya mkoloni ya mwaka 1949 ambayo kiwango chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, na hiyo mia ikabaki kwenye vitabu mpaka miaka ya 2000 huku, wakati huo haimnunulii mtoto hata soda. Sheria ya 2009 ikafuta hayo. Ikasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, maslahi ya mtoto yatangulie kwenye kila uamuzi unaomhusu, ikaanzisha mahakama ya watoto, kifungu cha 94 kikaweka jukumu la kumlinda mtoto kwenye mamlaka ya serikali za mitaa na cha 95 kikamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa. Mwaka 2011 yakatolewa matokeo ya ule utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, wasichana karibu 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nchi ilishtuka. Yakaja madawati ya jinsia na watoto polisi, ikaja namba ya bure 116, ukaja MTAKUWWA, yaani mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 mpaka 2021/22 na kamati zake za ulinzi kuanzia taifa mpaka mtaa na kijiji, na sasa tuko awamu ya pili. Vyote hivi nilivipokea kwa mikono miwili na bado ninavitetea.

Sasa angalia upande wa pili. Taarifa zikaongezeka, na ndicho tulichokuwa tunakitaka. Zamani mwalimu akiona alama za mkanda mgongoni kwa mtoto anakaa kimya, anasema ni mambo ya familia, siku hizi anapiga simu. Jirani anapiga simu. Mwenyekiti wa kitongoji anapiga simu. Lakini simu zote hizo zinaishia kwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja hakuongezwa. Kata nyingi nchini hazina afisa ustawi kabisa, unakuta mmoja amepewa kata kadhaa au yuko makao makuu ya wilaya anahudumia wilaya nzima, wakati huohuo vijana waliosomea fani hii Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama na vyuo vingine wapo mtaani wanauza vocha. (Na naomba niseme hapa maana hata madiwani wanachanganya, afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii siyo mtu mmoja. Yule wa maendeleo anahangaika na vikundi na mikopo. Huyu wa ustawi ndiye wa mtoto, mzee, mlemavu, mgonjwa asiye na ndugu.)

Jambo ninalotaka hasa lieleweke ni ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Msomaji wa kawaida hajawahi kuiona na ni karatasi ambayo inaweza kubadilisha maisha ya mtoto kuliko cheti cha kuzaliwa. Wazazi wakigombania mtoto mahakamani, sheria inataka hakimu aangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake kama ameyatoa bila kulazimishwa, ndugu wasitenganishwe kama inawezekana, malezi yasikatikekatike. Hakimu atayajuaje hayo akiwa kwenye kiti chake? Anaagiza afisa ustawi aandike ripoti. Mtoto akishtakiwa kwa kosa, ni hivyohivyo, anaulizwa afisa ustawi huyu mtoto ni wa namna gani, anatoka familia gani, kwa nini amefika hapa na akirudishwa nyumbani kuna mtu wa kumsimamia. Juu ya hapo kifungu cha 99 cha Sheria ya Mtoto kinataka afisa ustawi awepo mahakama ya watoto inapokaa. Majengo mengi ya mahakama za mwanzo yameshatangazwa kuwa mahakama za watoto na ni jambo zuri, mtoto hasafiri mbali kufuata kesi, lakini afisa ni yuleyule, asubuhi moja anatakiwa mahakama mbili zilizoko pande mbili za wilaya na hana usafiri wa kumfikisha hata moja.

Kwa hiyo ripoti inaandikwaje? Niseme tu ukweli, nyingi zinaandikwa mezani. Mama anakaa mbele yako unamuuliza, unaandika "makazi: nyumba ya kupanga, chumba kimoja na sebule, choo cha nje". Baba unampigia simu. Mtoto anaongea akiwa amekaa pembeni ya mama yake aliyemleta, unategemea aseme nini? Halafu unaandika "maoni ya mtoto: anapenda kuishi na mama", unasaini unapiga muhuri, inakwenda kwa hakimu ikiwa na nembo ya halmashauri, na hakimu anaamini mtu wa serikali alifika pale. Wenzangu wanaojitahidi wanatoa nauli mfukoni. Kuna dada mmoja wa ofisi ya jirani anatumia mshahara wake kulipa boda mpaka watoto wake mwenyewe wanakosa, hiyo siyo namna ya kuendesha kazi ya serikali.

Nitoe mfano mmoja, nimebadilisha vitu ili asijulikane. Kijana wa miaka 15 ameshtakiwa kuiba betri ya sola. Anaishi na bibi yake kijiji cha mwisho kabisa wa wilaya, baba hajulikani, mama alienda Dar kutafuta maisha na simu yake haipatikani. Boda kwenda na kurudi ni zaidi ya elfu thelathini na ofisi haina hata senti. Nikampigia mtendaji wa kijiji, akaniambia kwa kifupi, "Afisa, huyo ni mwizi, bibi yake kamshindwa, mpelekeni tu." Kama ningeishia hapo ripoti ningekuwa nayo tayari, maneno ya mtendaji yanatosha kujaza ukurasa na nusu. Ikatokea gari la chanjo linaelekea kule, nikaomba lifti, nikakaa nyuma na mabox ya chanjo mpaka kijijini.

Bibi haoni vizuri, jicho moja limefunga kabisa. Pale uani nikakuta ndoo mbili za maji zimefunikwa na majani ya mgomba, kuni zimepangwa kwa urefu, sufuria imesuguliwa ikang'aa. Nikamuuliza nani anafanya haya, akasema mjukuu alifanya kabla hawajamchukua na tangu achukuliwe jirani ndo anamsaidia. Kijana ndiye alikuwa anachota maji, anapika, anampeleka bibi kliniki kwa kumshika mkono. Na ile betri ilikuwa ya mjomba ambaye ana ugomvi wa muda mrefu na bibi juu ya kipande cha shamba, kijana aliichukua akiamini ni ya babu yake marehemu na pale kijijini watu watatu tofauti wakanieleza hivyohivyo bila kujuana nimeongea na nani. Mwalimu wake akaniambia ni mtoro, kweli, utoro wake ni siku za kliniki. Nikaandika yote, ya utoro pia. Hakimu akamrudisha kwa bibi chini ya uangalizi wetu.

Bila lile gari la chanjo angekwenda wapi? Mahabusu za watoto ziko mikoa michache tu, na shule ya maadilisho, anakopelekwa mtoto aliyepatikana na hatia, nchi nzima ni ile moja ya Irambo kule Mbeya. Bibi asiyeona vizuri angebaki na ndoo tupu na kijana angekuwa safari ya siku nzima kutoka kwao. Na watoto wangapi wanahukumiwa kwa maneno ya mtendaji aliyepigiwa simu akiwa na haraka zake?

Tukiacha mahakama, kuna matunzo. Jumatatu benchi la nje ya ofisi linajaa kabla hatujafungua mlango. Kinamama wana watoto mgongoni, wengine wamelala mapajani, kinababa wamesimama mbali kidogo kwenye mwembe wanajifanya wako kwenye simu. Tuna kaunta buku, baba analeta elfu ishirini au thelathini, anaandika jina anasaini, mama anahesabu anasaini, siku baba asipotokea mama anarudi na nauli kaikopa. Wakianza kurushiana maneno unafunga dirisha ili watoto wasisikie lakini wanasikia. Kazi hii ni halali na ya lazima na nimeona watoto waliorudi shule kwa sababu ya hiyo kaunta buku. Bado juu yake kuna usuluhishi wa ndoa unaotokana na Sheria ya Ndoa ya 1971, na kuna wagonjwa wanaoomba msamaha wa matibabu hospitali ya wilaya ambao lazima wapitie kwetu, na wazee. Siku imeisha.

Mtoto ambaye mama yake anamdai baba matunzo ana mtu wa kumsemea. Mtoto anayepigwa na huyohuyo mama hana mtu wa kumleta kwenye benchi langu. Mtoto anayelawitiwa na mpangaji wa chumba cha tatu hawezi kuja Jumatatu kupanga foleni. Huyo anahitaji mimi niende, tena niende bila kuitwa, nipite shuleni, nipite kwa balozi wa nyumba kumi, niongee na mama muuza maandazi ambaye anajua kila nyumba ya ule mtaa. Hiyo kazi haina fomu kwenye mfumo na kwa sababu haina fomu hakuna anayeniuliza kwa nini sijaifanya.

Kuna watu watasema basi jipangeni vizuri. Tunajipanga chini ya nani? Sera ya mtoto iko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022, na nasema kwa dhati kwamba kuwa na wizara inayosimamia mambo haya pekee ni hatua kubwa. Ajira na mshahara wangu viko TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri. Nikifika halmashauri niko ndani ya idara ya afya, ustawi wa jamii na lishe, bosi wangu ni mganga mkuu. Wizara inatoa mwongozo, TAMISEMI inaomba taarifa, mganga mkuu ana dawa zinaisha, ana wajawazito, ana kipindupindu kikitokea, hela ikija kidogo lazima iende huko na mimi ningekuwa yeye labda ningefanya vilevile kwa sababu mtu anayekufa leo anaonekana na mtoto anayeharibika taratibu haonekani. Kwenye kikao cha bajeti ustawi inatajwa mwishoni, watu wameshachoka, inapewa hela ya maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, fulana na kipaza sauti na chakula cha wageni. Nimehudhuria maadhimisho hayo na watoto wanafurahi, sikatai. Lakini hela ya siku ile moja ingenifikisha nyumba nyingi sana ambazo sijafika.

Halafu kuna wafadhili, na hapa naomba tuseme wazi maana wengi tunaogopa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi ya watoto walioko kwenye mazingira hatarishi imebebwa na miradi, hasa ile ya fedha za Marekani za PEPFAR. Ilisaidia sana. Ilileta wahudumu wa jamii waliokuwa wanatembea nyumba kwa nyumba, ikaleta baiskeli, tablet, mafunzo. Lakini mradi una malengo yake, na malengo ya PEPFAR ni UKIMWI, kwa hiyo mtoto aliyeingia kwenye rejista ni yule ambaye nyumbani kwao kuna VVU au yuko kwenye hatari ya VVU. Ni sawa kabisa kwa mradi wa UKIMWI. Tatizo ni kwamba sisi hatukuwa na rejista nyingine. Taratibu tukajikuta mtoto anayeonekana ni yule mwenye namba ya mradi, na mtoto wa jirani yake anayepigwa kila siku ila nyumbani kwao hakuna VVU hana mhudumu, hana faili, hana wa kumuuliza amekula nini. Nasi tukazoea kupima kazi kwa idadi, watoto wangapi wamefikiwa robo hii, "kufikiwa" ikimaanisha jina limeandikwa.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona wote kilichotokea. Wahudumu wakaambiwa wasitishe. Akinamama waliokuwa wanatembelewa wakaanza kuja ofisini kuuliza yule dada mbona haji, na faili za watoto wao zilikuwa kwenye mfumo wa mradi ambao sisi wa serikali hatukuwa na nywila yake. Simlaumu Mmarekani, fedha ni zake. Najilaumu kama nchi kwamba kazi ambayo kifungu cha 94 kinasema ni ya halmashauri tuliiacha ikaendeshwa na mkataba wa mtu mwingine.

Kamati za ulinzi nazo ni hivyohivyo. Kwenye karatasi zipo mpaka kijijini. Penye mradi zilikuwa zinakutana, penye mradi ulioisha zimelala, kwa sababu mjumbe anayetoka kitongoji cha mbali anaomba tu nauli na maji ya kunywa na hakuna wa kumpa. Zipo chache bado ziko hai bila posho, ukizichunguza unakuta kuna mwenyekiti mmoja au mama mmoja mwenye moyo ambaye amezishika. Huyo akihama au akifa imekwisha.

Nigusie na kuwarudisha watoto kwenye familia. Sera yetu inasema makao ya watoto yawe hatua ya mwisho, mtoto akae kwa ndugu, ikishindikana kwa mlezi wa kuaminika aliyesajiliwa, makao baadaye kabisa. Naikubali sera hii asilimia mia, nimeona makao mengine na sitaki mtoto yeyote akulie bwenini kama kuna shangazi anayempenda. Lakini kumrudisha mtoto siyo kumpandisha basi. Mtoto wa stendi anapewa godoro, sare na daftari, anasindikizwa mpaka kijijini, inapigwa picha na baba akiwa amemshika bega, ripoti inasema ameunganishwa na familia. Kilichomkimbiza nyumbani hakijaguswa, pombe ya baba ipo, mama wa kambo yupo, njaa ipo. Kazi yenyewe ndo inaanza pale, unatakiwa urudi baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, ukae na yule baba, ongea na mama wa kambo bila kumgeuza adui maana naye ana watoto wake na hana kitu. Ufuatiliaji hauna bajeti. Nimekutana na mtoto stendi amevaa ileile sare aliyopewa siku ya kurudishwa, imechakaa, anaokota chupa, na kwenye mfumo bado anasomeka yuko nyumbani.

Watu wataniambia serikali haina hela. Mbona kwenye mambo mengine tumeweza? Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, na halmashauri zikatakiwa zitenge shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Elfu moja tu. Lakini ilikuwa na jina, ilikuwa na hesabu, mkuu wa mkoa anaulizwa umetenga ngapi na umetoa ngapi, na kwa macho yangu nimeona afisa lishe ambaye zamani hakuwa na hata meza akapata fungu linaloeleweka. Asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo kwa mujibu wa sheria, 4 na 4 na 2, mkurugenzi hawezi kuigusa kwa mambo mengine bila kuulizwa. Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa maelfu ya pikipiki ili wawafikie wakulima mashambani, na ni sawa, mkulima hawezi kulimiwa kwa simu. Sasa mtoto je?

Ninachoomba ni hichohicho kifanyike kwa ulinzi wa mtoto. Itengwe shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18 kwenye halmashauri, hela ya mapato ya ndani, iwe na kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, isimamiwe na ofisi ya ustawi, itumike kwa usafiri wa kutembelea nyumba, nauli za wajumbe wa kamati za kata na vijiji, na ufuatiliaji wa watoto waliorudishwa kwenye familia. Isiende kwenye semina. Isiende kwenye fulana. Ustawi wa jamii itoke chini ya idara ya afya iwe na sauti yake kwenye timu ya menejimenti ya halmashauri, maana asiyekaa mezani hawezi kuomba. Na ajira zikitangazwa, kata zisizo na afisa ustawi hata mmoja ndiyo zianze.

Kwa waheshimiwa mahakimu wa mahakama za watoto nina ombi ambalo halihitaji bajeti wala kibali cha mtu. Kila afisa ustawi anapokukabidhi ripoti, muulize ulifika nyumbani kwa huyu mtoto tarehe ngapi, uliongea na mtoto akiwa peke yake au mbele ya nani, majirani gani uliwaona. Kama hakufika, iandikwe kwenye kumbukumbu za shauri kwamba hakufika na sababu yake ni nini. Tutaumbuka mwanzoni, mimi mmojawapo, na wakurugenzi wataanza kupata maswali kutoka mahakamani kwa nini afisa wao hana nauli. Sasa hivi upungufu huu hauonekani popote, umefichwa ndani ya ripoti zenye muhuri, na kwa sababu hauonekani kila mwaka bajeti inapita kama ilivyokuwa.

Na kwa madiwani, vikao vya bajeti za halmashauri ni mapema mwaka ujao. Diwani wangu nimeshamwambia ana kwa ana na ameahidi kuuliza kwenye kikao nyumba za watoto wangapi zilitembelewa na ustawi mwaka huu na kwa hela gani. Madiwani wengine wanaosoma barua hii nao wanaweza kuuliza swali hilohilo kwenye halmashauri zao, na wasikubali kujibiwa kwa idadi ya waliofikiwa, waombe kuona kitabu cha safari.

Afisa Ustawi wa Jamii,
Halmashauri ya Wilaya (jina limehifadhiwa)